Hisani ya Mshindani

Miongoni mwa maswali ambayo wanazuoni wa dini na wenye hekima wa kila zama wameyarudia bila ya kuchoka ni hili: je, wema umpasao mtu kumtendea mwenziwe hukoma pale ukomapo wajibu, au uko wema mwingine upitao mpaka huo, usiodaiwa na sheria wala kuandikwa katika mapatano, ambao mtu akiutenda husifiwa, na akiuacha hapana kadhi awezaye kumtia hatiani? Fungu la kwanza la wema huo tumezoea kuliita haki, na la pili hisani. Katika Kurani, Sura ya An-Nahl, aya ya 90, ambayo waumini aghalabu huisikia kila Ijumaa khatibu akaribiapo kumaliza hotuba yake, mambo hayo mawili yameamrishwa pamoja, haki ikitangulia na hisani ikifuatia. Na hapo ndipo akili ipendayo kudadisi huanza kusumbuka, kwa kuwa jambo likiamrishwa huwa wajibu, na likiwa wajibu huwa deni, na mlipa deni hasemwi kuwa amefanya hisani.

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya mushkili huu na watu waliobobea katika fikihi na falsafa, wala sina haja ya kuyarudia. Nia yangu ni kuutazama mahali ambapo wenye vitabu hawana mazoea ya kwenda kutafuta hoja, yaani kiwanjani, baina ya mashabiki walioketi juu ya mabenchi, katika mchezo wa wasichana wa vyuo vya Marekani uitwao softiboli. Kwa sababu katika mchezo huo, mwaka 2008, lilitukia jambo ambalo kila nilifikiripo hujiona sijalimaliza.

Shabiki ni kiumbe wa ajabu akipimwa kwa mizani ya maadili. Hachezi, walakini hushinda na hushindwa. Halipwi ujira, bali hutoa nauli na kiingilio kutoka mfukoni mwake. Hana kisa na watu wa upande wa pili, naye kwa muda wa saa mbili huwaombea wateleze, wachoke na wakose. Msomaji aliyewahi kuketi uwanjani Dar es Salaam siku wakutanapo Simba na Yanga hahitaji kufafanuliwa hali hii, kwa sababu amemwona kwa macho yake mzee mwenye murua na staha, ambaye mtaani hawezi kumpita mgonjwa bila ya kumjulia hali, akimtazama mchezaji wa upande wa pili aliyelala chini ameshika goti, na neno la kwanza limtokalo likawa kwamba mtu huyo anajiangusha. Mzee huyo si mwovu. Ushabiki umempa ruhusa ya siku moja ya kupenda upande mmoja tu, na apendaye upande mmoja tu hupungukiwa na uwezo wa kuona.

Na softiboli, kuliko michezo mingi, ni mtoto wa mashabiki. Mwaka 1887, katika Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, wanaume waliosoma katika vyuo vya Yale na Harvard walikusanyika mjini Chicago, katika jumba la chama cha wapiga makasia kiitwacho Farragut, wakingoja habari za mechi ya mpira iliyochezwa mbali baina ya vyuo vyao. Ilipofika habari kwamba Yale wameshinda, mmoja wa watu wa Yale, kwa furaha iliyochanganyika na kejeli, akaokota glavu ya ndondi akamtupia mtu wa Harvard, naye yule wa Harvard akaipiga kwa fimbo. George Hancock, aliyekuwapo pale, akaikaza ile glavu kwa kamba zake ikawa kama mpira, akachora mipaka sakafuni kwa chaki, na mchezo ukaanza humo humo ndani. Jina la softiboli lilikuja baadaye sana, mwaka 1926. Basi kitu cha kwanza kabisa kupigwa katika mchezo huu kilikuwa ni dhihaka ya aliyeshinda kwa aliyeshindwa, na mrushaji wake alikuwa shabiki.

Mchezo ukakua, ukatoka sakafuni ukaenda nyasini, na kadiri miaka ilivyopita ukawa mikononi mwa wanawake zaidi kuliko wanaume. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 iitwayo Title IX ilipokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu ipokeayo fedha za serikali kuu, vyuo vililazimika kuwapa wasichana viwanja na walimu wa michezo ambao hapo kabla walipewa wavulana. Na mwaka 1982 chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kikaendesha mashindano yake ya kwanza ya softiboli ya wanawake, ushindi ukaenda kwa chuo cha UCLA. Siku hizi fainali za Oklahoma City hukusanya maelfu ya watu, na mechi hutazamwa katika televisheni nchi nzima. Lakini jambo nililokusudia kulisimulia halikutukia huko penye taa nyingi. Lilitukia Ellensburg, mji mdogo wa jimbo la Washington, upande wa mashariki wa milima ya Cascade, katika bonde la wakulima wa majani ya mifugo lijulikanalo kwa upepo wake usiotulia.

Siku ya shabiki katika viwanja vya vyuo vidogo haina makuu. Watazamaji ni mama aliyekuja na blanketi kwa sababu upepo wa Aprili hauna huruma, baba asiyeweza kuketi bintiye anapokwenda kupiga na ambaye huishia kusimama peke yake kando ya uzio, na wanafunzi wawili watatu waliotoroka vitabu vyao. Aghalabu huchezwa mechi mbili mfululizo, hata mtu aliyefika asubuhi huondoka jua likiwa limekwisha kupinda. Kwa kuwa wachezaji wanajulikana kwa majina na kwa wazazi wao, ushabiki wa hapo hukaribia kuwa undugu, na undugu, kama tujuavyo, ndio umtiao mtu upofu kuliko yote.

Kwa ajili ya msomaji asiyeujua mchezo wenyewe yafaa nieleze machache, maana hoja yangu yote imesimama juu ya kanuni moja. Mrushaji husimama takriban mita 13 mbele ya mpigaji, huuzungusha mkono mzima, akauachia mpira chini usawa wa nyonga, nao hufika kabla nusu ya sekunde haijatimia. Akiupata, yampasa mpigaji avikimbilie vituo vinne vilivyopangwa kwa umbo la mraba, kila kimoja mbali na mwenzake kwa mita 18 hivi, na avikanyage vyote kwa utaratibu wake mpaka arudi alipoanzia, panapoitwa nyumbani, ndipo timu yake ihesabiwe alama moja. Mpira ukivuka uzio wa mwisho bila ya kugusa ardhi, hapana tena awezaye kumzuia. Walinzi husimama tu mikono kiunoni, naye huzunguka taratibu huku wenzake wakimngoja kwa vifijo. Walakini hata hapo kanuni haimsamehe kukanyaga. Mpira waweza kuwa umeanguka nje ya kiwanja na umati wote ukawa umeuona, lakini kituo kisichoguswa na mguu hakina alama.

Tarehe 26 Aprili 2008, siku ya Jumamosi, timu ya Central Washington University ilikuwa nyumbani ikipambana na Western Oregon University, waliosafiri kutoka Monmouth katika jimbo jirani la Oregon, na zote mbili zilikuwa zikiwania ubingwa wa ligi yao. Katika zamu ya pili, bado hakuna aliyepata alama na wageni wakiwa na wakimbiaji wawili vituoni, aliingia kupiga Sara Tucholsky, msichana mfupi wa mwaka wa mwisho, ambaye tangu sekondari hata siku ile hakuwahi kuuvusha mpira juu ya uzio. Akaupiga, ukavuka. Kwa furaha ya jambo asilolizoea akakipita kituo cha kwanza bila ya kukikanyaga. Alipotanabahi akageuka ghafla kukirudia, goti lake likasokoteka na kano ya ndani ikakatika. Akaanguka, akatambaa mpaka akakifikia kile kituo, na hapo akabaki amekikumbatia, asiweze kwenda mbele.

Waamuzi wakaulizwa. Jawabu lao lilikuwa kwamba wenzake wakimgusa kumsaidia, yeye atahesabiwa ametolewa. Na kwamba kocha wake aweza kumweka mkimbiaji mwingine mahali pake, wale wawili waliotangulia wakapewa alama zao, lakini pigo lile likaandikwa kuwa pigo la kituo kimoja tu, kana kwamba mpira haukuvuka kitu. Ndipo Mallory Holtman wa Central Washington, aliyekuwa akilinda kituo kile kile cha kwanza, na ambaye ndiye aliyekuwa amevusha mipira mingi kuliko mchezaji yeyote katika historia ya ligi ile, akauliza kama iko kanuni iwazuiayo wao wapinzani kumbeba. Haikuwapo. Akamwita mwenzake Liz Wallace, wakamnyanyua majeruhi baina yao, mikono yake ikipita mabegani mwao, wakaanza kumzungusha. Walipofika kituo cha pili wakamshusha polepole hata mguu wake mzima ukakigusa, wakamwinua tena. Vivyo hivyo kituo cha tatu. Vivyo hivyo nyumbani. Njiani walikuwa wakicheka, maana walifikiri namna watu wanavyowaona. Walipofika mwisho wakawakuta wachezaji wa Western Oregon wanalia. Mechi ikaisha kwa alama 4 kwa 2, wageni wakashinda, na matumaini ya Central Washington ya kusonga mbele mwaka ule yakafifia.

Jambo la kwanza lipasalo kuzingatiwa ni kwamba hapakuvunjwa sheria yoyote. Wako watu ambao wakisikia neno huruma hudhani maana yake ni kuilegeza kanuni, na wakisikia neno kanuni hudhani maana yake ni kuifungia huruma mlango. Aristotle, katika sehemu ya tano ya kitabu chake cha maadili, alieleza kwamba sheria hunena kwa ujumla ilhali mambo ya watu huja moja moja, na kwa hiyo hutokea pahala ambapo sheria iliyo njema hupungukiwa, si kwa ubaya wa aliyeitunga, bali kwa tabia ya mambo yenyewe. Hapo mtu mwenye insafu huirekebisha kama ambavyo mtunga sheria mwenyewe angefanya lau angekuwapo. Hekima hiyo ni kubwa, lakini wasichana wa Ellensburg hawakuitumia. Hawakumwomba mwamuzi afumbe macho, hawakusema kwamba kila mtu ameuona mpira ukivuka na kwa hiyo vituo visihesabiwe. Walikubali kwamba kila kituo lazima kiguswe, wakamchukua mtu kituo kwa kituo mpaka vyote vikaguswa. Sheria ilibaki nzima kama ilivyokuwa asubuhi. Uzito wake tu ndio uliohamishwa, ukaondolewa juu ya goti lililokatika ukawekwa juu ya mabega ya watu wazima wa afya. Kuna rehema nyingi duniani ambazo gharama yake hulipwa na ukweli au na mtu wa tatu asiyekuwapo. Hii ililipwa na watoaji wenyewe.

Hapana budi sasa kumsikiliza mwenye kupinga, naye si mjinga. Atasema kwamba Holtman na mwenzake walitoa kitu kisicho chao. Ushindi ni mali ya shirika: wamo wenzao waliofanya mazoezi katika baridi, yumo kocha, wamo wazazi, wamo na mashabiki waliovumilia upepo, na fikihi yatufundisha kwamba mshirika hatoi sadaka katika mali ya shirika bila ya idhini ya washirika wenzake. Hoja hii ina nguvu, na anayeidharau hajui maana ya amana. Mchezaji alegezaye mkono makusudi ili rafiki yake wa upande wa pili apate sifa ni mhaini, hata kama atauita uhaini wake huruma.

Walakini tutazame kilichotolewa ni kitu gani. Pigo la Tucholsky lilikuwa limekwisha kumstahilisha alama. Walinzi wote wa Central Washington kwa pamoja hawakuwa tena na ustadi wa kumzuia, kwa kuwa mpira ulikuwa nje ya kiwanja. Kilichosalia mikononi mwao ni faida itokanayo na goti kukatika, na faida hiyo haikuingia katika shirika kwa jasho la mshirika yeyote. Ni mali iliyookotwa, na mali ya kuokotwa ambayo mwenyewe amelala mbele yako haigawanywi; hurudishwa. Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, na maneno hayo watu huyachukulia kuwa ni ya kumliwaza aliyeshindwa. Mimi nayaona kuwa ni sharti la mashindano yenyewe. Tushindanapo tumekubaliana kuuliza swali moja, nani kati yetu ni hodari zaidi, na mtu anayetaka jawabu la kweli hawezi kufurahi jawabu litolewapo na kano ya goti.

Turudi sasa katika mushkili tulioanza nao. Waliotenda walipoulizwa baadaye, hawakudai kwamba walikusudia kufanya jambo kubwa. Maneno yao yalirudi mahali pamoja, kwamba yule msichana ameuvusha mpira, na kwa hiyo alistahili. Kwao wao ilikuwa haki. Waliotazama, na watu wengi waliosikia baada yao hata tukio lile likapewa tuzo ya ESPY mwaka ule ule, waliita hisani. Ni nani aliyesema kweli? Nadhani kila mmoja alisema kweli kwa mahali aliposimama, lakini kauli ya watendaji ndiyo yenye elimu kubwa zaidi. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, wenye haki waambiwapo siku ya hukumu kwamba walimlisha Mfalme, wakamvika, wakamtazama alipokuwa mgonjwa, hushangaa na kuuliza ni lini walifanya hayo. Hawakumbuki, kwa sababu katika hesabu za nafsi zao hawakuwahi kuyaandika kuwa ni sadaka. Mtu ahesabuye hisani yake kuwa ni hisani huwa amekwisha kuitoza bei: ataka shukrani, ataka kutajwa, na siku asipotajwa huanza masimango. Mlipa deni hana masimango. Akishalipa hucheka na kwenda zake, kama walivyokuwa wakicheka wasichana wale na mzigo wao mabegani.

Hapo ndipo nionapo jawabu la swali la amri. Hisani yaweza kuamrishwa bila ya kugeuka kuwa deni la kisheria, kwa sababu amri ile haiushiki mkono wa mtu, yaligusa jicho lake kwanza. Yamtaka ajizoeze kutazama mpaka aone anadaiwa pale ambapo wengine waona hadaiwi. Kadhi hana ruhusa ya kumdai, lakini yeye mwenyewe amekwisha kujidai, na akitenda hutenda kwa wepesi wa mtu atuaye mzigo, si kwa majivuno ya mtu agawaye hazina. Aliyefika daraja hiyo haoni tena mafungu mawili. Aona fungu moja tu la haki, nalo ni pana kuliko la wenzake. Asiyefika huona kila jema lisilomo katika kanuni kuwa ni ziada, na ziada ana hiari ya kuitoa au kuizuia kadiri apendavyo. Hakuna mtu azaliwaye na jicho hilo. Nina yakini kwamba Holtman hakulipata pale penye kituo cha kwanza katika dakika ile moja ya mashauriano; alikuja nalo, limekwisha kufunzwa na wazazi, na walimu, na miaka ya kuangushwa na kuinuliwa michezoni.

Kuna jambo jingine katika kadhia hii ambalo wasimulizi wengi huliruka, nalo latia uzito. Baada ya mechi ile watu wajuao kanuni za NCAA walionesha kwamba waamuzi walikosea. Kanuni iliruhusu mchezaji aliyeumia katika hali kama ile abadilishwe, na mbadala wake akavimalizie vituo vilivyobaki, pigo likahesabiwa kamili. Kwa maana nyingine, lau sheria ingejulikana sawasawa, hisani isingehitajiwa. Nimewasikia watu wakisema juu ya mambo ya namna hii kwamba heri kosa lililotuzalia wema mkubwa hivi, na huenda mbele zaidi wakasema kwamba ndiyo maana Mwenyezi Mungu ameuacha upungufu ulimwenguni, ili wema upate pa kuonekana. Mimi nahofia kauli hiyo. Makosa ya waamuzi hutokea kila siku katika viwanja vya dunia, na magoti hukatika, na mara nyingi hapana anayembeba mtu. Yakiwa makosa ndiyo yazaayo wema, mbona hayazai sikuzote? Kosa lilileta haja, na haja haina hiari ya kuchagua itaangukia mbele ya nani. Tena goti la Tucholsky halikupona kwa sababu watu walilia. Hekima ya Mungu katika upungufu wa dunia ni jambo la Mungu. Letu sisi ni kuhakikisha kwamba waamuzi wanazijua kanuni, na kwamba wasipozijua wako watu wenye mabega.

Na shabiki je, ambaye siku hiyo ametoka nyumbani kwake kuja kufurahi? Yeye hana bega la kutoa. Akiruka uzio kwenda kusaidia atatolewa nje. Wengine wangemwambia basi aache ushabiki, apende timu zote sawa, asifu kila pigo zuri bila ya kujali limetoka wapi. Shauri hilo laonekana la kiungwana, lakini lina kasoro. Lau pasingekuwa na mtu anayejali nani ashinde, kumbeba Tucholsky kungekuwa ni mazoezi ya viungo tu. Walichokitoa wale wawili kilikuwa na thamani kwa sababu walikitaka, na mashabiki wao walikitaka pamoja nao. Pasipo mapenzi ya upande hapana kitu cha kutolewa. Mapenzi ya timu basi si ugonjwa. Ugonjwa huanza pale mapenzi yanapojipa kazi ya kuamua kilichotukia, badala ya kuachia macho kazi hiyo.

Fungu la shabiki ni kushuhudia. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, waumini wameamrishwa kusimama imara katika haki na kuwa mashahidi, hata kama ushahidi huo utakuwa dhidi ya nafsi zao, au wazazi wao, au jamaa zao wa karibu. Na mahakimu wa kila dini wanajua kwamba ushahidi usiotiliwa shaka ni ule umtiao hasarani mwenye kuutoa. Shabiki wa wageni ashangiliaye katika saa kama ile amefanya jambo la kawaida, kwani alama ni zake. Lakini shabiki wa wenyeji, mwenye bintiye katika timu, ajuaye kwamba kila kituo kiguswacho chaiondoa timu yake katika mashindano, akasimama akapiga makofi mpaka mguu ule ukafika nyumbani, huyo ametoa ikrari dhidi ya nafsi yake, na kiwanja kizima ni mahakama yake. Mchezo ulioanza Chicago kwa shabiki kumrushia dhihaka aliyeshindwa umechukua miaka 120 na ushei kuweza kumdai shabiki jambo hili, nalo si dogo. Kadiri aipendavyo timu yake ndivyo ushahidi wake unavyokuwa mzito, na hii ndiyo sababu siwezi kumshauri mtu yeyote apunguze mapenzi yake.

Basi, ewe msomaji, uendapo kiwanjani, toa kiingilio chako, vaa rangi zako na uishangilie timu yako mpaka sauti ikauke. Hapana dhambi katika hayo. Lakini mpira wa mpinzani ukivuka, ukiri kwamba umevuka; na mchezaji wake akianguka, amini kwanza kwamba ameumia, mpaka ibainike vingine. Mambo hayo mawili hayataki elimu wala mali, na hayajapata kuishusha timu yoyote daraja. Asiyeyaweza katika mechi, ambako hasara yake ni alama tu, asijitumainie kuyaweza katika mirathi, katika kesi, au katika uchaguzi.